Seramu Hainywi Maji ya Uso Wako

Chukua kisahani cha chai, kidondoshee tone moja la seramu ya asidi ya hayaluroniki, ile inayouzwa kwa kulainisha uso, litandaze kwa ncha ya kidole, kisha kiache kisahani chini ya feni. Ukirudi baadaye utakuta utando mwembamba unaong'aa, na ukiukwangua kwa ukucha unabanduka kama ganda la kitunguu. Kisahani hakina maji ya ndani ya kufyonzwa. Lakini utando ule ndio huo huo unaokaza mashavuni na kukufanya useme, "seramu hii imenikausha."

Ubishi kuhusu seramu hii, kama inanywesha ngozi au inaikausha, umekwenda kombo tangu mwanzo. Upande mmoja unasema asidi hii huvuta maji hewani, kwa hiyo sisi wa Lamu na Malindi, tunaoishi kwenye hewa ya kulainisha biskuti mezani, tumebarikiwa. Upande wa pili unasema hewa ikiwa kavu asidi hugeuka na kuyanyonya maji ya ndani ya ngozi hadi uso unapauka. Wote wawili wamekipa kitu kidogo nguvu za ndovu.

Tupige hesabu. Tone moja la kitonyeshi, kile kidude cha kudondoshea cha kwenye chupa, ni kama mililita 0.05, na matone matatu, yanayotosha uso mzima, ni mililita 0.15. Seramu iliyo nzito kweli ina asidi ya asilimia 1 hivi. Molekyuli za asidi hii ni kama minyororo, na ile ya minyororo mirefu ikizidi sana hapo inakuwa jeli isiyopita kwenye kitonyeshi. Kwa hiyo unachopaka usoni ni miligramu 1.5 za asidi, na karibu yote yaliyobaki ni maji ya kwenye chupa. Ile kauli ya matangazo kwamba asidi hubeba maji mara 1000 ya uzito wake ingekuwa kweli usoni pako, miligramu hizo zingebeba gramu 1.5 za maji, karibu theluthi ya kijiko cha chai, na uso ungekuwa unadondoka.

Kauli hiyo imetoka kwenye jambo la kweli likasokotwa. Ukiyeyusha gramu moja ya unga wa asidi hii kwenye lita nzima ya maji, maji yote yanabadilika yanakuwa na utelezi, kwa sababu minyororo yake mirefu hutanuka na kujaza nafasi. Lakini maji hayo umeyamimina wewe. Unga mkavu ukiuacha wazi kwenye hewa yetu ya pwani, utachukua unyevu usiofikia hata uzito wake wenyewe. Rudi sasa kwenye miligramu 1.5: utando uliokauka usoni unavuta hewani chini ya miligramu 1.5 za maji. Tone moja la jasho lina maji zaidi ya mara 30 ya hayo. Kiasi hicho hakinyweshi uso, na kwa hesabu hiyo hiyo hakiukaushi.

Basi inafanya nini?

Inachelewesha. Maji uliyonawia, pamoja na yale ya kwenye seramu yenyewe, yangepotea upesi. Asidi inayashikilia kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi muda mrefu kidogo. Tabaka hilo la seli zilizokufa likilowa hujaa, mikunjo midogo ya ukavu chini ya macho inatulia, na mwanga unaakisi vizuri. Ni faida ya kweli, ila ya juu juu na ya saa chache.

Chini haifiki. Asidi hii tunayo wenyewe mwilini: mtu wa kilo 70 ana kama gramu 15, na karibu nusu yake iko kwenye ngozi, zaidi kwenye tabaka la ndani. Karl Meyer na John Palmer walipoitenga mara ya kwanza mwaka 1934 kule New York waliitoa kwenye jicho la ng'ombe, ndiyo maana jina lake limebeba neno la Kigiriki la kioo. Ya kupaka hailindi wala kuongeza ile ya ndani. Kanuni inayojulikana kwa watu wa dawa za ngozi ni kwamba molekyuli iliyozidi Dalton 500 (Dalton ni kipimo cha uzito wa molekyuli) hupita ngozi nzima kwa shida. Pete moja tu ya mnyororo huu ina Dalton karibu 400, na mnyororo wa kawaida wa kwenye seramu una Dalton milioni moja au zaidi.

Zipo seramu zenye minyororo iliyokatwa midogo, na kwenye lebo utaona neno "Hydrolyzed" mbele ya jina. Hizo huingia kidogo zaidi na huuzwa ghali zaidi. Mimi siwashauri wenye chunusi zilizowaka au ngozi iliyochubuka kukimbilia huko, maana mwilini vipande vifupi vya asidi hii hutumika kama king'ora cha jeraha na huamsha uvimbe. Anza na ile ya kawaida, ambayo lebo itaiita "Sodium Hyaluronate". Ni chumvi ya asidi hiyo hiyo, usidhani umeuziwa kitu kingine.

Kwa anayeuliza uhalali: zamani ilitolewa kwenye vilemba vya majogoo, na siku hizi ya vipodozi nyingi hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria. Kama lebo haisemi, mwulize muuzaji.

Ukavu unatoka wapi, basi

Chanzo cha kwanza, na kwa maoni yangu kinachozidi vyote vingine, ni kwamba mtu amenunua seramu akaacha mafuta. Alikuwa akipaka losheni au Vaseline asubuhi na jioni, ngozi ikienda vizuri. Ameletewa chupa yenye kitonyeshi, anapaka matone yake, anaona uso umeng'aa, anaondoka. Amebadilisha mafuta yaliyokuwa kifuniko cha ngozi kwa maji. Seramu ya namna hii haina mafuta ya kuzuia chochote, na ngozi iliyolowa ikaachwa wazi hupoteza maji kwa kasi kuliko iliyokuwa kavu, mpaka yale ya juu yaishe. Baada ya wiki mbili anapauka kama aliyepakwa majivu, na lawama inakwenda kwa asidi.

Cha pili ni ule utando wa kisahani. Ukikauka unasinyaa, unaivuta ngozi, unahisi umekazwa. Wanaojua liwa, ule mti wa kunukia wa kupaka usoni, wanaijua hisia hiyo vizuri: iliyosagwa kwenye msio kwa marashi, ikipakwa nzito na kuachwa ikauke kabisa, uso haucheki. Kukazwa peke yake si kukauka. Pulizia maji kidogo. Hisia ikiondoka papo hapo na ngozi chini yake ni laini, ulikuwa utando tu, na dawa yake ni kupunguza matone.

Watu huzidisha sana. Chupa ya mililita 30 ina matone kama 600. Kwa matone matatu asubuhi na matatu usiku, inakaa siku 100. Ikiwa yako inaisha kwa mwezi, unapaka matone 20 kwa siku, na hapo ndipo vile vijinyuzi vyeupe kama mabaki ya kifutio huanza kujiviringa unapopaka krimu ya jua juu yake.

Cha tatu ni vinginevyo vilivyomo ndani ya chupa. Soma vitu vitano vya kwanza. Ukiona "Alcohol Denat" pale juu, hiyo ni spiriti, na inakausha yenyewe bila msaada wa mtu. Manukato makali nayo huwasha ngozi ya uso.

Cha nne ni ngozi iliyokwisha kuumizwa kabla seramu haijafika. Anayetumia mkorogo au krimu za kung'arisha zenye steroidi ana ngozi iliyokonda, ukuta wake una matundu. Atapaka seramu ya upole kabisa na itamchoma. Huyu hana haja ya seramu hata kidogo. Aende kliniki ya ngozi apangiwe namna ya kuziacha krimu hizo, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla uso unaweza kulipuka wekundu, vipele na kuwasha.

Hewa ya pwani, na hewa ya kiyoyozi

Hapa ndipo mahali pana maana, ila si kwa namna inayosemwa. Kinachoamua kasi ya maji kuondoka usoni ni tofauti kati ya mvuke ulio juu ya ngozi na ulio hewani. Malindi mchana, joto likiwa digrii 30 na unyevu asilimia 75, kila mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu gramu 23 za mvuke. Ingia ofisini au mapokezi ya hoteli ambako kiyoyozi kimewekwa digrii 24 na unyevu umeshuka hadi asilimia 50: hewa hiyo ina gramu 11. Umevuka mlango mmoja tu na maji ya hewani yamepungua kwa nusu. Maji yaliyotolewa ndiyo yale yanayodondoka kwenye bomba la nyuma ya jengo.

Nairobi asubuhi ya Julai, digrii 12 na ukungu umetanda, unyevu asilimia 85, utadhani kuna maji tele. Hewa baridi haibebi mengi. Ni kama gramu 9 tu, na uso wako wenye joto unapoteza maji yake bila huruma. Ndiyo maana mtu wa Shela kule Lamu hupasuka midomo siku ya pili tu akifika huko. Ndani ya ndege ni kubaya zaidi, unyevu huwa kati ya asilimia 10 na 20.

Kwa hiyo anayeshinda nje Lamu, au kwenye nyumba ya mawe yenye madirisha wazi, hana adui mkubwa hewani, isipokuwa feni. Feni iliyoelekezwa usoni usiku kucha inapeperusha ule mvuke mwembamba unaokaa juu ya ngozi, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, watu hulala chini yake saa nane mfululizo. Igeuze ipulize miguuni, au ielekee ukutani. Haigharimu kitu na inashinda seramu.

Anayefanya kazi kwenye kiyoyozi ndiye anayehitaji kifuniko, tena cha kutosha. Na anayevaa ninja kutwa ana hali ya kinyume: nyuma ya kitambaa kuna joto na mvuke wa pumzi, kwa hiyo krimu nzito itamletea vipele kwenye kidevu. Kwake seramu na losheni nyepesi vinatosha mchana, mafuta mazito yangoje usiku.

Kupaka

Nawa kwanza, na hapa maji yenyewe yana maneno. Visima vingi vya Lamu vina maji ya chumvichumvi, na maji magumu yakikutana na sabuni ya kipande hutoa utandu mweupe unaoganda kwenye ngozi. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha uasidi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi iko karibu na 5. Ukinawa hivyo mara mbili kwa siku hakuna seramu itakayokuokoa. Tumia kisafishaji kisicho na sabuni mara moja kwa siku, usiku, na asubuhi maji matupu. Suuza la mwisho lifanye kwa maji ya mvua ya jabia au yoyote yasiyo na chumvi. Kata moja ya kuchotea yatosha. Anayetoka baharini asuuze kabla ya chochote, kwa sababu chumvi huisinyaza minyororo ya asidi na seramu inakuwa maji matupu mkononi.

Usifute uso ukakauka. Bonyeza taulo mara moja au mbili, ubaki na umande. Weka matone mawili au matatu kwenye kiganja, yagawe kwa viganja vyote, na ubonyeze usoni na shingoni. Kusugua huku na huku ndiko kunakoanzisha vijinyuzi. Kisha usingoje. Maelekezo ya "acha ikauke kwanza" ndiyo yanayokuletea utando wa kisahani. Ndani ya dakika moja, uso ukiwa bado unateleza, paka krimu kiasi cha punje mbili za mbaazi, iliyo na mafuta ndani yake. Asubuhi ngoja dakika tatu nne halafu weka krimu ya jua, mistari miwili, kila mmoja urefu wa kidole kizima, kwa uso na shingo. Seramu hailindi na jua kwa kiwango chochote.

Usiku, kwa wanaolala kwenye kiyoyozi au wanaosafiri bara, malizia na Vaseline kiasi cha punje ya choroko, uipashe joto kati ya vidole na kuibonyeza mashavuni, kwenye midomo na chini ya macho. Hakuna kitu cha dukani kinachozuia maji kupotea kuizidi, na ni bei ya chini. Mafuta ya nazi tunayapenda, lakini usoni kwenye joto letu yana tabia ya kuziba vinyweleo, tena asidi zake za mafuta ni chakula cha ule ukungu unaoleta vipele vidogo vinavyowasha kwenye paji la uso. Yaache kwa miguu, mikono na nywele.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayawezi kulijua. Asidi hii huyeyuka kwa maji, na anayetawadha mara tano kwa siku anaiosha mara tano. Ile ya saa moja asubuhi haivuki adhuhuri, inakwenda na maji ya udhu. Usiongeze matone baada ya kila sala, utamaliza chupa. Paka baada ya udhu wa alfajiri uso ukiwa bado umelowa, na baada ya isha. Katikati ya mchana, baada ya kutawadha, usiache maji yakaukie usoni kwa upepo. Bonyeza kwa kitambaa, weka losheni kidogo, yatosha. Kuhusu mafuta mazito na udhu unaofuata, hilo ni la shekhe wako.

Glisarini ya dukani

Asiyetaka kununua seramu hajapoteza kitu kikubwa. Glisarini ya duka la dawa ina molekyuli ya Dalton 92, inaingia kwenye tabaka la juu la ngozi kwa urahisi kuliko asidi ya hayaluroniki, na ndiyo inayofanya kazi kimyakimya ndani ya losheni nyingi nzuri. Kosa ni kuipaka tupu. Inanata, inawasha, na vumbi lote la barabarani litakaa juu yako. Changanya kijiko kimoja cha chai, mililita 5, na mililita 95 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Paka kwenye ngozi yenye umande, kisha krimu juu, kama seramu. Ukipenda harufu, badilisha robo ya maji kwa maji ya waridi halisi. Marashi ya kunyunyizia wageni maulidini mara nyingi yana manukato ya viwandani na hayafai usoni; soma chupa.

Mchanganyiko huo hauna kihifadhi. Weka kwenye friji na umwage baada ya siku tano, hata kama unanukia vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi mtindo wa kuagiza unga wa hayaluroniki na kuukoroga nyumbani: unafanya madonge, huchukua saa nyingi kuyeyuka, na maji yaliyokaa hivyo kwenye joto la Malindi ni nyumba ya bakteria.

Seramu ya dukani nayo ina adui wake, joto na jua. Minyororo mirefu hukatika polepole ikikaa kwenye joto, na dalili yake unaiona bila mashine: iliyokuwa na uzito kidogo inadondoka kama maji. Chupa iliyokaa kwenye kioo cha duka kinachopigwa jua la magharibi usiichukue, hata ikipunguzwa bei. Nyumbani ikae kabatini, au mlangoni mwa friji, si dirishani, na kitonyeshi kisiguse uso.

Kujua kama inakufaa, igawe sura yako. Shavu la kulia seramu na krimu, la kushoto krimu ileile peke yake, kwa siku 14, bila kubadilisha sabuni wala kitu kingine. Angalia asubuhi kabla ya kunawa, mahali pale pale penye mwanga, na ubonyeze mashavu yote mawili kwa mgongo wa kidole. Shavu la seramu likiwa linakwaruza au limepauka, pitia tena matone, lebo na feni. Yakilingana, baki na krimu yako na ile Vaseline.